Mwenye Maji Anywe Kwanza

Bulonza hakujua kukaa. Ukimpa kiti, mguu wake mmoja utacheza mpaka meza itikisike. Ukimpa bugali, atakula matonge mawili ameketi na yaliyobaki atayamalizia mlangoni, amesimama, macho yameelekea ziwani. Nsimire, mkewe, alipenda kuwaambia wanawake wenzake kwamba padri alimfungisha ndoa na miguu miwili, na mwenye miguu hajafika bado. Wanawake walicheka, na Bulonza akisikia naye alicheka, kisha akatoka kwenda kutazama maji.

Maji ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa wao wenyewe hawakujua kwamba ni ya mwisho. Mji ulikuwa umekwisha kurudishiwa jina lake la Bukavu, lakini makarani wenye mazoea magumu waliendelea kuuita Costermansville hata wakiwa kilabuni. Juu ya kilima cha Bagira palikuwa pamejengwa nyumba mpya za Waafrika, safu kwa safu, zote sura moja, hata mlevi akirudi alilazimika kubisha hodi kwa majirani kwanza. Na chini yake, kwenye ghuba, paliwekwa pampu ndogo ya kuvuta maji ya ziwa na kuyapandisha mpaka kwenye mabomba ya mtaa.

Ziwa Kivu ni zuri, hilo halina ubishi. Lakini uzuri wake una vipindi, na kiangazi kikiingia, upepo wa kusini ukaanza kulikoroga, mwani huzaa. Maji yanakuwa ya kijani, yanateleza, yananuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mwani ule ukiingia kwenye pampu huziba vichujio, na yanayofika bombani yanakuja na harufu ile ile. Kwa hiyo ilitakiwa mtu wa kulichunga ziwa kama mchungaji anavyochunga ng'ombe mkaidi, na mtu huyo ndiye Bulonza.

Kila asubuhi alipiga kasia hadi katikati ya ghuba akiwa na sahani ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, imefungwa kwenye kamba yenye mafundo. Aliiteremsha majini, akainama, akaitazama ikizama. Pale ilipopotea machoni aliikamata kamba, akaivuta, akahesabu mafundo yaliyolowa. Maji yakiwa na afya, sahani ilishuka mbali na bado unaiona inang'aa kule chini. Mwani ukizaa, sahani ilipotea hata mkono haujalowa vizuri. Baada ya hapo alijaza chupa, akazipeleka kwa bwana wake, Mbelgiji mwembamba asiyependa maneno, ambaye watu walimwita Bwana Sahani kwa sababu ya chombo chenyewe. Bwana Sahani alitia tone moja chini ya mikroskopi, akafumba jicho moja. Akitikisa kichwa, basi Bulonza alijua kwamba siku hiyo ni ya mrututu.

Mrututu ni ile chumvi ya buluu ambayo walowezi waliichanganya na chokaa na kuinyunyizia kahawa yao. Ilikuja ndani ya mapipa, na juu ya kila pipa pamechorwa fuvu la kichwa cha mtu na mifupa miwili. Bulonza aliichota kwa koleo, akaijaza kwenye gunia, akalifunga gunia nyuma ya mtumbwi na kulikokota huku na huko mbele ya pampu, mpaka chumvi ikayeyuka yote na gunia likarudi tupu. Vidole vyake vilibaki na rangi ya buluu hadi jioni. Siku iliyofuata mwani ulianza kufa, ukageuka njano, ukazama. Pampu ikapumua. Na pembeni ya ghuba walielea samaki wadogo wachache, matumbo juu.

Samaki hao ndio waliomnyima Bulonza raha. Hawakuwa wengi, na kunguru waliwamaliza kabla jua halijapanda. Lakini yeye aliwaona. Na nyumbani alikuwa na Nsimire, tumbo lake mbele.

Usimcheke mtu huyu kabla hujajua alikotoka. Mimba mbili za Nsimire zilikuwa zimeharibika, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyejua kwa nini. Wa kanisani walisema ni mapenzi ya Mungu, shangazi aliyekaa Walungu akasema ni mkono wa mtu, muuguzi wa dispansari akasema hutokea. Hii ya tatu ilikuwa imevuka pale ambapo zile mbili zilikomea, na tangu ivuke, Bulonza aliishi roho mkononi. Alimkataza mkewe kubeba kuni, akamkataza kupanda ngazi za kanisa upesi. Sasa akaanza kuyatazama maji ya bomba, yale yale aliyoyatia mrututu kwa mkono wake, yakiingia kwenye sufuria ya nyumbani kwake.

Alipiga moyo konde akamwuliza Bwana Sahani. Bwana hakumkaripia. Alimweleza kwamba kinachotiwa ziwani ni kidogo mno, ni kama kudondosha punje ya chumvi kwenye chungu cha kulisha ukoo mzima, na kwamba lile fuvu ni kwa ajili ya mtu atakayekula kutoka kwenye pipa. Maji yanayofika bombani yangeweza kunywewa na mtoto mchanga. Bulonza akajibu ndiyo bwana, kwa sauti ya mtu aliyeelewa. Na kweli alielewa. Lakini kuelewa ni kazi ya kichwa, na hofu yake haikukaa kichwani. Tena alikumbuka kwamba hajawahi kumwona bwana yule akiinama kunywa maji ya ghuba ile. Siku zote alikuja na chai yake kwenye chupa, na nyumba yake ilikuwa upande mwingine wa mji, ambako maji yaliteremka kutoka mtoni.

Ndipo alipoanza safari zake za Kasha. Upande ule wa kaskazini, mahali ambapo nyumba mpya zilikoma na migomba ikaanza, palikuwa na chemchemi ndogo chini ya jiwe. Kila alfajiri, kabla ya kushuka kazini, Bulonza alipanda kule na bidoni, dumu lake la bati, akaijaza, akaifunika kwa jani la mgomba, akairudisha nyumbani begani. Alimwambia Nsimire kwamba maji ya mlimani ni matamu na ni mazuri kwa mwanamke mwenye mimba. Nsimire aliitazama bidoni, akamtazama mumewe, akasema asante. Hakuuliza lolote, na Bulonza alishukuru kutoulizwa. Mwezi mzima wa kiangazi ulipita hivyo. Majani yalikauka kila mahali, vumbi likajaa hata kwenye masikio ya watu, na maboga ya nyuma ya nyumba ya Bulonza tu ndiyo yaliyokuwa yanatambaa na kutoa maua. Yeye aliyaona, akafikiri udongo wa pale ni mzuri.

Ukitaka kufanya jambo la siri usipite mbele ya fundi cherehani. Évariste, fundi wa mtaa, aliweka mashine yake barazani, na baraza lake lilitazama njia ya Kasha. Mguu wake ulikanyaga, mkono ukasukuma kitambaa, macho yakawa hayana kazi ila kuangalia nani anapita. Alimwona Bulonza akipanda na bidoni tupu na kushuka na bidoni nzito. Mara ya kwanza hakusema kitu. Mara ya tatu aliwaambia wateja. Hakuwa mtu mbaya Évariste. Alikuwa na ulimi uliofunguka kama dirisha lisilo na komeo, basi.

Sasa, wageni wa nchi hii lazima waelewe jambo moja. Huku Bushi, nchi ya Washi, pombe haipokelewi hivi hivi. Mwenye nyumba akikuletea kasiksi, iwe kwenye kibuyu, iwe kwenye kopo, yeye mwenyewe huinywa kwanza mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Kama kuna neno kati yenu, basi na mtu wa nyumba yake hunywa, ndipo wewe ufuate. Hakuna anayeona ni matusi. Ni adabu, kwa sababu sumu ipo na watu wamezikwa. Warega waliokuja kutoka Mwenga kutafuta kazi mjini nao walikuwa na mambo yao mengi yasiyofanana na ya Washi, lakini hilo hawakulibishia.

Hivyo, habari ya bomba ilipofika kwa watu wa Bagira, hawakuuliza habari za mikroskopi. Hawakuuliza mafundo mangapi ya kamba yamelowa. Waliuliza lile ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri angeuliza: aliyeyatia dawa maji haya, ameyanywa? Na jibu lilikuwa linapita mbele ya cherehani kila alfajiri, limefunikwa kwa jani la mgomba.

Bomba likaanza kukosa watu. Hakukuwa na ugomvi wala maneno makali. Wanawake walilipita tu, madebe kichwani, wakateremka hadi ufukweni kama walivyofanya kabla nyumba mpya hazijajengwa. Na ufuko ule haukuwa tena ule wa zamani. Mrututu ulisafisha mbele ya pampu peke yake; mwani uliobaki ulisukumwa na upepo hadi pembeni, ukajikusanya mnene kama uji uliolala, na hapo hapo watu wa kilimani walifulia na mbuzi walinyweshwa. Bulonza, akiwa mtumbwini na sahani yake, aliwaona wanawake wakiusogeza ule ukijani kwa kiganja, wakichota chini yake. Aliwapigia kelele kwamba maji hayo ni machafu, waende bombani, maji ya bomba yamesafishwa, yeye mwenyewe ndiye anayeyapima. Walimjibu kwa heshima zote. Walimwambia asante papa, wakaendelea kuchota.

Hiyo heshima ilimwuma kuliko matusi. Alirudi pampuni, akarudi ziwani, akateremsha sahani mara ya pili na mara ya tatu mahali pale pale, kana kwamba ziwa lilikuwa limemdanganya. Sahani ilikwenda chini vizuri. Maji ya pampu yalikuwa safi, pengine safi kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na karibu hakuna aliyeyataka. Alihisi hasira, lakini hakujua amkasirikie nani.

Wa kwanza kuugua alikuwa Adélaïde, binti mdogo wa Évariste, yule aliyekuwa akiokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani na kuwavisha wanasesere wake wa maganda ya mgomba. Tumbo lilimkamata likawa la damu. Baada yake wakafuata wengine wawili wa safu ya chini. Walipelekwa dispansari, wakalazwa, na muuguzi aliwauliza mama zao maji wanayachota wapi. Wanawake wakatazama chini.

Jioni hiyo Évariste alikuja kwa Bulonza. Hakubisha kwa nguvu wala hakukataa kiti. Nsimire alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Fundi yule mwenye ulimi mwepesi aliviringisha uzi kwenye kidole, na aliposema alisema polepole.

"Papa Bulonza, sikuje hapa juu ya kukutukana. Mutoto yangu iko analala ku dispansere, iko anatosha damu. Minakuuliza tu. Kinywa yako inatuambiaka tukunywe mayi ya robine. Miguu yako inapandaka Kasha kila asubuyi. Sisi tungesikia gani, kinywa ao miguu?"

Bulonza angeweza kusema habari ya mimba mbili. Angeweza kusema habari ya samaki na ya fuvu kwenye pipa. Lakini kila alichotaka kusema kilikuwa kinamwambia Évariste kitu kimoja: ndiyo, nilikuwa nayaogopa, na nikawaambia ninyi mnywe. Mguu wake uliacha kucheza. Évariste alisubiri, kisha akasimama, akaaga vizuri, akaenda kulala kando ya kitanda cha mwanawe.

Siku zilizofuata Bulonza alizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alienda dispansari, akafika mlangoni, akageuka. Alienda bombani, akafungua, akayatazama maji yakimwagika kwenye saruji, akafunga. Mara moja alikinga kiganja, akakileta karibu na mdomo, ndipo akakumbuka kwamba hakuna anayemwona, na maji anayokunywa mtu peke yake hayamshuhudii. Akayamwaga. Mimi nasema hapo alijidanganya. Hakuyamwaga kwa sababu ya ushahidi. Aliyamwaga kwa sababu aliogopa.

Adélaïde hakufa. Tuseme hilo mapema ili roho ya msomaji itulie kuliko ya Bulonza. Alirudi nyumbani begani mwa baba yake, amekonda, macho makubwa, akidai vitambaa vyake. Lakini siku ile ile wanawake walikuwa bado wanateremka ufukweni, na kesho yake mtoto mwingine angeugua, na huyo pengine asingerudi begani mwa mtu. Bulonza aliona hivyo waziwazi. Aliona pia kwamba hakuna neno la bwana, wala la muuguzi, wala la padri litakalowarudisha watu bombani. Aliyewaondoa ni yeye, basi na wa kuwarudisha ni yeye.

Alikwenda kwa maman Eulalie, mkunga wa mtaa, mama mzee aliyekuwa amepokea nusu ya watoto wa safu zile kwa mikono yake, na ambaye angempokea hata huyu wa Nsimire Mungu akijalia. Eulalie alikuwa anachambua maharage. Bulonza alimwomba awaite wanawake bombani Jumapili, watu wakitoka misa, kwa sababu anataka kunywa mbele yao. Eulalie hakumwonea huruma. Alimwambia kwamba amechelewa, kwamba pombe huonjwa kabla ya kugawiwa na wala si baada ya wageni kuugua, na kwamba atawaita. Kisha akaongeza kwamba kikombe ataleta yeye mwenyewe, kutoka nyumbani kwake, ili pasiwe na la kusema.

Asubuhi ya Jumapili Bulonza alimwomba Nsimire asije. Alimwambia jua litakuwa kali, apumzike kitandani. Nsimire alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani. Alijibu kwamba jua la Bukavu halijawahi kumwangusha mtu, akachukua rozari yake, akatangulia kutoka.

Watu walikuwa wengi kuliko alivyotegemea. Penye wengi pana mengi, na kweli waliokuja kuona mtu akinywa walikuja pia kuona kama ataanguka. Évariste alisimama mbele, Adélaïde amemlalia begani. Maman Eulalie alitoa kikombe chake cha kibuyu, kimepasuka ukingoni na kushonwa kwa uzi, akakisuuza kwa maji ya bomba, akakijaza. Akakinyanyua juu ili wote waone kwamba ni maji tu, akamkabidhi.

Bulonza alikishika kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa bado na buluu ya mrututu wa Ijumaa, na aliona watu wanaviangalia. Akanywa. Maji yalikuwa baridi, na kama yalikuwa na ladha ya chuma au kama ladha hiyo ilikuwa ya hofu yake mwenyewe, hakuweza kujua. Alimeza, akameza tena, akafuta mdomo. Alikuwa mzima. Kitu kikamlegea kifuani, akafikiri kwamba yamekwisha, kwamba lilikuwa jambo dogo tu na yeye alilibeba kama mlima.

Lakini kikombe hakikuwa kimekwisha, na maman Eulalie hakunyoosha mkono kukipokea.

"Mwenye mayi amekunywa," alisema. "Ni muzuri. Sasa tuko na neno katikati yetu, unalijua. Wa pili ni mutu wa nyumba yako. Njo vile wazee walituachia."

Mtu wa nyumba ya Bulonza alikuwa mmoja tu. Alisimama pale kando, mkono mmoja kiunoni, tumbo lake limelisukuma vazi mbele. Watu wakamgeukia Nsimire, kisha wakamgeukia mumewe. Na mkono wa Bulonza, wenye kikombe, haukunyooka.

Alijua kwamba ni lazima unyooke. Alijua kwamba kila pumzi inayopita kikombe kikiwa bado kifuani kwake ilikuwa inawaambia watu wale jambo lile lile ambalo miguu yake iliwaambia kiangazi kizima. Aliona sura ya Évariste inavyofunga. Aliona mwanamke mmoja wa nyuma anainua debe lake na kuliweka kichwani, tayari kuteremka ziwani. Yote hayo aliyaona, na mkono ukakataa. Angeweza kuinywa ghuba nzima yeye mwenyewe. Kumpa Nsimire tone moja, hapana. Alitaka ardhi ipasuke.

Nsimire alisogea akakichukua kikombe mkononi mwake. Ilimbidi avute, kwa maana vidole vya mumewe havikuachia mara moja. Akanywa bila haraka mpaka kibuyu kikabaki kitupu, akakigeuza chini juu, tone la mwisho likaanguka kwenye saruji.

"Maman Eulalie, musinishangae," alisema. "Hii mayi mi naikunywaka tangu kiangazi ilianza. Nilikuwa nakuja kuchota saa bwana yangu ameshuka ku kazi, na munaweza kuuliza bale batatu ba safu ya juu benye tulikuwa tunakutana hapa. Ile mayi ya Kasha nilikuwa natilia maboga."

Mtu mmoja alicheka. Bulonza alimtazama mkewe, akayakumbuka maboga yale, maua yake ya njano katikati ya vumbi.

"Juu ya nini?" alimwuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuletea mayi muzuri. Juu ya nini ulifanya vile?"

Nsimire alimrudishia mkunga kikombe chake kwanza.

"Nilikuona uko unaogopa," alisema. "Nikasema, kama hii mayi iko inaua batu, basi nimeolewa na mutu mwenye kuua batu, na heri nijue mbele mutoto afike. Na kama haiui, basi ni mayi ya bwana yangu, nitakosaje kuikunywa? Sikutaka kukuuliza, ungenidanganya kwa sababu unanipenda. Nilikunywa. Nilitaka kujua niko na mutu gani."

Maman Eulalie alikijaza kikombe tena, akanywa yeye, akampa Évariste. Évariste aliyanusa, kama fundi anavyokikagua kitambaa, akanywa, kisha akamnywesha Adélaïde kidogo kidogo. Mwanamke yule wa nyuma alilishusha debe lake. Madebe yakaanza kupangwa chini ya bomba, na watu wakaanza kugombania nafasi, na mtu akamkanyaga mwenzake, na matusi madogo ya kila siku yakarudi.

Bulonza alitafuta mahali pa kujishikilia. Aliona debe la mtu limepinduliwa, akalikalia, na akabaki amelikalia mpaka mwenye debe akaja kulidai. Haya ilikuwa imempanda mpaka masikioni, na chini ya ile haya palikuwa na kitu kingine, furaha iliyochanganyika na woga, kwa sababu aliona sasa kwamba usiku na mchana, wiki kwa wiki, mwanamke huyu alikuwa amekaa kwenye meza moja naye, akimtazama akila matonge mawili na kusimama, huku amebeba hofu yao wote wawili tumboni mwake bila kusema neno. Yeye alipanda mlima kuikimbia. Nsimire aliinywa.

Nsimire alikuja kusimama mbele yake, akamwambia wanawake wamemwachia nafasi, alete bidoni. Bulonza alikwenda nyumbani akaileta, ile ile ya Kasha, bado ina jani la mgomba mdomoni. Akalitupa jani, akaisimamisha chini ya bomba, akangoja ijae. Alikuwa amedhani asubuhi ile kwamba katika mtaa wote yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kunywa.